Damu Isiyokaa Mwilini: Grefe ya Uboho si Uchawi, wala si Muujiza

Wandugu wafanyakazi, wamama wa nyumbani, na nyinyi vijana mnaowasomea wazazi ukurasa huu,

Mara nyingi tumeongea hapa juu ya kofia, viatu vya usalama, vumbi na malaria. Leo ninataka kutoa wazo langu juu ya ugonjwa ambao hauonekani kwa macho: ugonjwa wa mahali pale damu inapotengenezwa. Kinachonisukuma kuandika ni kosa langu mwenyewe. Ninalieleza mbele yenu ili lisifanyike tena.

Miaka kadhaa iliyopita mfanyakazi mmoja wa atelye alikuja kwangu kwenye dispansari. Umri wake ulipita miaka 50. Kazi yake ilikuwa kuosha na kutengeneza vipande vya mashini. Akaniambia kwamba akipanda ngazi moyo unampiga sana, na jioni miguu haina nguvu ya kumfikisha nyumbani. Nikamwangalia ndani ya kope: nyeupe. Nikafanya kile tunachofanya kila siku. Nikapima malaria, nikampa dawa ya minyoo na vidonge vya chuma, nikamwambia ale matembele na maharagi. Kisha mwezi mmoja akarudi vilevile. Nikampa tena vidonge vya chuma. Akarudi mara ya tatu, safari hii pamoja na bibi yake, na ufizi wake ulikuwa unatoka damu.

Yule mama akaniuliza, "Dokta, kila mara unampa dawa ya damu, na juma lililopita walimwongeza mifuko miwili. Damu hiyo yote inaenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Na mimi, niliyesomea kazi hii, nilipaswa kujiuliza neno hilo mbele ya mama yule, tangu mara ya pili.

Nikamtuma kwa munganga wa lopitali kubwa. Walipohesabu chembe za damu waliona kwamba aina zote tatu zimepungua, si zile nyekundu peke yake. Wakamchoma sindano ya mfupa, wakapata jina la ugonjwa: miyelodisplazia. Munganga akaanza kuwaeleza ndugu juu ya grefe ya uboho. Ndugu wakaogopa. Mmoja alisema kuna mtu wa ekipe yake aliyemtupia kitu kwa sababu alitamani nafasi yake. Mwingine alisema kwamba watu wanataka mifupa yao ili waiuze. Wakati walipokuwa bado wanabishana, homa ya mapafu ikamchukua.

Sisemi kwamba grefe ingemponyesha. Hakuna anayeweza kusema hivyo. Lakini mgonjwa alipoteza wakati kwa sababu yangu, na ndugu zake walipoteza wakati kwa sababu ya woga. Juu ya mambo hayo mawili nina neno la kusema.

DAMU INATOKA WAPI?

Sote tunajua ile mafuta laini iliyo ndani ya mfupa wa ngombe, ambayo watoto wanapigania wakati wa kula. Ule ni uboho. Mtu naye ana uboho. Kwa mtu mzima, uboho unaofanya kazi uko zaidi katika mifupa ya kiuno, kifua, mbavu na uti wa mgongo. Humo ndimo atelye ya damu ilimo. Inafanya kazi mchana na usiku, bila siku ya kupumzika.

Atelye hiyo inatoa aina tatu za chembe. Chembe nyekundu zinabeba hewa safi kutoka mapafu mpaka viungo vyote. Zikipungua, mtu anachoka na moyo unakimbia. Chembe nyeupe ni askari. Zikipungua, kila kidonda kidogo na kila kikohozi kinakuwa hatari. Na vigandisha damu vinaziba mahali palipokatika. Vikipungua, mtu anatoka damu puani, kwenye ufizi, ama anaonyesha madoa mekundu kwenye ngozi bila kugongwa.

Chembe nyekundu inaishi siku 120 hivi, kisha inakufa na nyingine inashika mahali pake. Kwa hiyo mtu akiongezewa damu, damu ile inamsaidia kwa wakati fulani tu. Kama atelye imeharibika, tunajaza ndoo iliyotoboka.

KUPUNGUKIWA DAMU SI UGONJWA MMOJA

Nisieleweke vibaya. Katika inchi yetu watu wengi wanaopungukiwa damu hawana miyelodisplazia. Wana malaria. Wana minyoo. Wamama wanapungukiwa kwa sababu ya mimba na kuzaa. Watoto wengine walizaliwa na ugonjwa wa SS. Wengine hawali vya kutosha, wengine wanakunywa pombe kuliko kula, wengine wana virusi vya UKIMWI ama kidonda cha tumbo kinachotoa damu kidogo kidogo. Magonjwa hayo tunayatafuta kwanza, na ni haki.

Watu wa migodi wana sababu ya pekee ya kukumbuka jambo hili. Karibu na mwaka 1880, wakati walipokuwa wanachimba njia ya garimoshi chini ya mlima wa Gotthard, katika inchi ya Uswisi, wachimbaji wengi kutoka Italia waliishiwa damu. Walikuwa weupe, wanavimba, wanakufa. Watu wakasema ni hewa mbaya ya chini, ni moshi wa baruti, ni joto. Mtaalamu Edoardo Perroncito wa mji wa Turin hakuridhika na majibu hayo. Alitafuta, na mwaka 1880 akaonyesha kwamba ni mnyoo mdogo unaokaa ndani ya matumbo na kunyonya damu. Wafanyakazi walikuwa wanajisaidia popote ndani ya shimo, na mnyoo ulipita kwenye ngozi. Tangu hapo migodi ilijifunza kuweka vyoo, kupima watu na kuwapa dawa.

Perroncito aliuliza swali lilelile la yule mama: damu inaenda wapi? Jibu la wakati ule lilikuwa mnyoo. Jibu la leo mara nyingi bado ni mnyoo ama malaria. Lakini mtu akitibiwa vizuri na damu yake haipandi, hatuna ruhusa ya kuendelea kumpa vidonge vilevile. Lazima tuulize zaidi.

MIYELODISPLAZIA NI NINI?

Ni ugonjwa wa atelye yenyewe. Chembe moja mama iliyo ndani ya uboho inaharibika, na watoto wake wanaongezeka wakichukua nafasi ya chembe nzuri. Uboho unaweza kuwa umejaa kazi, lakini vitu vinavyotoka vimepindika, na vingi vinakufa kabla ya kuingia katika mishipa. Ndiyo maana damu inapungua ingawa atelye haijafungwa.

Ugonjwa huu unawapata zaidi watu waliopita miaka 60, lakini vijana nao wanaweza kuupata. Kwa wengine unakwenda polepole miaka mingi. Kwa wengine unakwenda mbio, na chembe changa zisizokomaa zinajaa ndani ya uboho. Zikifika 20 kwa kila 100, kwa kawaida waganga wanauita ugonjwa lekemia kali, yaani kansa ya damu. Karibu mgonjwa mmoja kwa kila watatu anaishia huko.

Ugonjwa hauambukizi. Bibi hawezi kuupata kwa bwana yake, wala watoto kwa kula naye sahani moja.

Mara nyingi hakuna anayeweza kuonyesha chanzo. Lakini vyanzo vingine vinajulikana: dawa fulani za kansa ambazo mtu alipewa zamani, mionzi mikali, moshi wa sigara, na benzeni. Hapo ninaomba watu wa atelye na wa garaji wanisikilize.

Benzeni ni maji yanayoruka upesi kuwa hewa, yenye harufu ya utamu. Imo ndani ya esanse ya magari, na ilikuwa ndani ya gundi na maji mengi ya kusafishia. Miaka ya 1970, munganga Muzaffer Aksoy wa mji wa Istanbul, Uturuki, aliona kwamba washona viatu waliokuwa wanatumia gundi yenye benzeni, ndani ya vyumba vidogo bila hewa, walikuwa wanaharibika uboho na kushikwa na lekemia. Mwaka 1974 alitangaza habari za wafanyakazi 26 wa namna hiyo. Mbele yake, mwaka 1971, Shirika la Kazi la Dunia lilikuwa limekwisha kuandika mapatano namba 136 ya kuwakinga wafanyakazi na benzeni.

Siwezi kusema kwamba yule mzee wa atelye aliugua kwa sababu ya esanse. Kwa mtu mmoja hakuna kipimo kinachoonyesha hivyo. Lakini najua kwamba alinawa mikono kwa esanse kila jioni, kwa sababu sabuni haikutosha kutoa mafuta meusi. Na ninawaona vijana wanaonyonya esanse kwa mdomo kutoka tanki, kisha wanatema na kucheka. Ndugu zangu, tabia hizo ziishe. Mafuta meusi yanatoka kwa sabuni na kitambaa. Kuvuta esanse kuna pompe ya mkono. Kuosha vipande kufanyike mahali penye hewa, kwa maji yaliyowekwa kwa kazi hiyo, na mtu avae glavu.

GREFE YA UBOHO INAFANYWAJE?

Wengi wakisikia neno grefe wanafikiri juu ya kisu: kufungua mfupa wa mtu mmoja na kuutia ndani ya mwingine. Sivyo.

Kwanza, mgonjwa anapewa dawa kali, mara nyingine pamoja na mionzi, ili uboho mgonjwa uangamie na mwili usikatae uboho mgeni. Ni kama mkulima anayeng'oa magugu kabla ya kupanda. Kisha anatiwa chembe mama za yule anayempa, kwa njia ya mshipa, ndani ya mfuko unaofanana na mfuko wa damu. Chembe zile zenyewe zinajua njia ya kwenda mifupani. Kwa kawaida kisha majuma mawili mpaka manne zinaanza kuzaa damu mpya. Kama kundi la damu la mgonjwa lilikuwa A na la ndugu yake lilikuwa O, polepole mgonjwa atakuwa na O. Si uchawi; atelye imebadilishwa, na kazi yake inabadilika.

Na yule anayetoa? Mara nyingi anachomwa sindano chini ya ngozi siku nne ama tano ili chembe mama zitoke katika mifupa na kuingia katika damu. Kisha analala kitandani saa chache: damu inatoka mkono mmoja, inapita katika mashini inayochagua chembe, na inarudi mkono mwingine. Katika siku zile mifupa inaweza kumuuma kama mtu mwenye grippe. Njia nyingine ni kumlaza usingizi wa lopitali na kuvuta uboho kwa sindano kutoka mfupa wa kiuno. Hakatwi mfupa. Uboho aliotoa unarudi wenyewe katika majuma machache. Nguvu yake ya kuzaa haiondoki, wala nguvu yake ya kazi. Ndugu wa yule mzee walikataa kitu ambacho hawakuelezwa vizuri, na sehemu ya lawama hiyo ni yetu sisi watu wa dispansari.

Kazi hii haikuanza kwa raha. Munganga Mmarekani E. Donnall Thomas alitangaza majaribio yake kwa wagonjwa 6 mwaka 1957. Hakuna hata mmoja aliyepita siku 100. Mwaka 1958, wafanyakazi wa kituo cha atomu cha Vinča, katika Yugoslavia ya wakati ule, walipigwa na mionzi katika ajali ya kazi. Munganga Georges Mathé aliwapokea Paris. Watano kati yao walipewa uboho wa Wafaransa waliojitolea, watu wasio ndugu zao, na mmoja akafa. Waganga wamebishana sana kama ni uboho ule uliowaokoa wale wengine, lakini njia ilikuwa imefunguliwa. Mwaka uleule wa 1958, Mfaransa Jean Dausset alionyesha alama za kwanza za chembe nyeupe zinazofanya mwili ujue mgeni na mwenyeji. Leo tunaziita alama za HLA. Dausset alipata zawadi ya Nobel mwaka 1980, na Thomas mwaka 1990.

NANI ANAWEZA KUTOA?

Hapa ndipo ukoo unaingia. Mtoto anapokea nusu ya alama za HLA kwa baba na nusu kwa mama. Kwa hiyo ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kwa nne ya kufanana kamili na mgonjwa. Mgonjwa mwenye ndugu wanne wa namna hiyo ana nafasi karibu 68 kwa 100 ya kupata angalau mmoja anayefaa. Akiwa na sita, nafasi ni karibu 82 kwa 100. Watu wa Ulaya wenye mtoto mmoja ama wawili hawana bahati hiyo. Sisi wenye jamaa kubwa tuna mali ndani ya nyumba na hatuijui.

Ndugu wa baba mmoja na mama tofauti ni ndugu wa kweli mbele ya watu, lakini mbele ya laboratware ni nadra afanane kamili. Asikasirike akiambiwa hivyo, si kumtenga. Na zaidi, siku hizi waganga wanaweza kufanya grefe ya nusu, ambamo mtoaji anafanana kwa nusu tu. Baba, mama na mtoto wa mgonjwa wana nusu hiyo siku zote, na ndugu wengi wanaweza kuwa nayo.

Kuna pia vitabu vya majina ya watu wanaojitolea kuwapa wasiowajua. Lakini weusi wako wachache humo, na alama zao ni za namna nyingi. Hesabu iliyotolewa Marekani mwaka 2014 ilionyesha kwamba mzungu ana nafasi 75 kwa 100 ya kupata humo mtoaji anayefanana kamili. Kwa mtu mwenye asili ya Afrika nafasi haifiki 20. Hiyo ni sababu nyingine ya kusema kwamba kwetu mtoaji wa kwanza ni ndugu.

WAWILI WALIOPEWA NA DADA ZAO

Carl Sagan, Mmarekani aliyejulikana kwa kueleza habari za nyota, alishikwa na miyelodisplazia. Dada yake alimpa uboho mara tatu, katika mji wa Seattle. Tarehe 20 Desemba 1996 alikufa kwa homa ya mapafu, mwenye miaka 62.

Robin Roberts, mama mweusi anayetangaza habari katika televisheni ya Marekani, alitibiwa kansa ya ziwa kuanzia 2007. Mwaka 2012 alitangaza kwamba ana miyelodisplazia, iliyoletwa na dawa za kansa ile. Dada yake Sally-Ann alionekana anafanana naye. Mama yao alikufa mwisho wa Agosti, na mwezi uliofuata, Septemba 2012, Robin akapewa chembe za dada yake. Februari 2013 alirudi kazini.

Dawa ileile, upendo uleule wa dada, mwisho mbalimbali. Ndiyo maana ninasema grefe si muujiza. Inaweza kuua. Dawa za kuandaa mgonjwa zinamwacha bila askari kwa majuma, na homa ndogo inaweza kumaliza kila kitu. Kisha kuna vita ya ndani: askari wapya wa mtoaji wanaweza kuona mwili wa mgonjwa kama adui na kushambulia ngozi, matumbo na ini. Lazima anywe dawa miezi mingi na kurudi lopitali mara kwa mara.

Hata hivyo, mpaka leo grefe ndiyo matibabu pekee yanayoweza kuondoa ugonjwa huu kabisa. Mwaka 2021 waganga wa Marekani walitoa hesabu ya wagonjwa 384 wa miaka 50 mpaka 75, wenye miyelodisplazia ya hatari. Kwa wale waliopatiwa mtoaji, karibu 48 kwa 100 walikuwa wazima kisha miaka mitatu. Kwa wale waliokosa mtoaji, karibu 27. Tofauti hiyo ni kubwa. Lakini oneni pia kwamba katika kundi la kwanza zaidi ya nusu hawakufika.

NANI ANAFAA, NA WAPI?

Grefe ni kwa wagonjwa ambao ugonjwa unawakimbilia mbele na mwili wao bado una nguvu ya kuvumilia. Kwa yule ambaye ugonjwa unakwenda polepole, kumpeleka haraka kunaweza kumfupishia maisha. Huyo anasaidiwa na damu ya kuongezwa, na dawa za kuamsha uboho ama za kutuliza chembe mbaya, kama azasitidini, iliyokubaliwa Marekani mwaka 2004. Na jueni jambo hili: anayeongezewa damu mara nyingi anajazwa chuma mwilini, na chuma kingi kinaharibu moyo na ini. Vidonge vya chuma nilivyompa yule mzee havikumsaidia kitu.

Katika Afrika, grefe inafanywa Afrika ya Kusini tangu zamani, na katika inchi za kaskazini kama Misri. Karibu nasi, Tanzania ilianza mwaka 2023 kuwafanyia watoto wenye ugonjwa wa SS katika lopitali ya Benjamin Mkapa, mjini Dodoma. Kwa jamaa ya mfanyakazi, safari na gharama ni mzigo unaopita mishahara ya miaka mingi. Kwa hiyo kabla ya kuuza parsele, kabla ya kuchangisha watu kanisani na kazini, kaeni na munganga na mwulize maneno matano. Ugonjwa wa mgonjwa wetu uko katika daraja gani? Kama hatumpeleki, tunatazamia nini? Mwili wake unaweza kuvumilia? Nani kati yetu apimwe kwanza? Na akirudi, nani atamfuata na kumpa dawa miezi ile yote? Kama hakuna jibu la la mwisho, pesa za grefe peke yake hazitoshi.

WAZO LANGU

Wengine wataniambia, "Bwana infirmye, unatuelezea mambo ya Ulaya. Hapa hata damu ya kuongeza tunaitafuta kwa shida." Ni kweli. Lakini ninawajibu kwamba sehemu kubwa ya kazi hii inafanyika hapa, kabla ya mtu kupanda ndege, na haidai pesa nyingi.

Kwetu watu wa dispansari: mgonjwa aliyetibiwa vizuri na damu yake haikupanda kisha mwezi mmoja, asipewe tena vidonge kwa mazoea. Ahesabiwe chembe zote tatu, na damu yake itazamwe kwa darubini. Kama aina mbili ama tatu zimepungua, aende kwa munganga siku ileile. Mimi nimejiwekea sheria hiyo, nimeiandika kwenye ukuta mbele ya meza yangu.

Kwa mfanyakazi: uchovu usioisha, homa zinazorudi, ufizi unaotoka damu, madoa kwenye ngozi, usivifiche kwa kuogopa kuondolewa kwenye poste. Na useme kazi unayofanya na maji unayoshika. Munganga hawezi kuyajua kama huyasemi.

Kwa washefu: sabuni ya kutosha kwenye atelye ni dawa. Hewa ni dawa. Mkihesabu bei yake, hesabuni pia bei ya mtu.

Kwa ndugu wa mgonjwa: msitafute aliyemroga. Wakati mnapomtafuta, ugonjwa haungojei. Mkiitwa kupimwa, nendeni. Kipimo cha kwanza ni damu kidogo tu ama mate ya shavuni. Na hata asipofaa mmoja wenu, bado mnaweza kutoa damu ya kawaida, ambayo mgonjwa huyu anaihitaji kila juma.

Yule mama bado anakaa katika cité yetu. Tunasalimiana sokoni. Siku moja nilimwambia kwamba swali lake ndilo lililonifundisha. Akanijibu, "Basi wafundishe na wengine." Ndicho ninachofanya leo. Wewe mgonjwa, ama wewe bibi wa mgonjwa, ukiona damu inaongezwa na haikai, usione haya mbele ya koti jeupe. Uliza inaenda wapi. Na asiyejua kukujibu, akutume kwa anayejua.